Themostati Ambayo Haikupimwa

Kila Jumamosi, binti wa fundi alivaa ovaroli iliyompwaya kama gunia, akashinda gereji na mama yake. Siku hiyo walikuwa na gari la mkunga, lililokuwa likichemka kila liendapo mbali.

"Mchawi wetu huyu hapa," mama alisema, akichomoa kidude cha shaba chenye springi. "Inaitwa themostati. Ni mlango wa maji. Injini ikiwa baridi, unajifunga. Ikipata moto, unafunguka ili maji yaende kwenye rejeta yakapoe. Huu umegoma kufunguka."

Akampa mpya. "Itie kwenye maji yanayochemka. Ikifunguka, niletee."

Binti akabandika sufuria jikoni. Lo, maji yalivyojivuta! Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba na kumwita. Akaitazama themostati inavyong'aa. Kitu kipya kabisa, kitakuwa na kasoro gani? Akazima jiko.

"Imefunguka?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Mama akaifunga kwenye injini, akakaza bolti, akajaza maji. Binti akaenda kuruka kamba, ila raha hakuiona.

Mara mkunga akafika mbio, mkoba begani. "Ahsanteni, mafundi wangu! Kuna mzazi ameshikwa na uchungu kule mlimani, namfuata nimlete hospitali."

Binti akaitupa kamba. Gari likizimika njiani na mgonjwa ndani, je? Mkunga alikuwa ameshawasha. Binti akasimama mbele ya boneti, mikono juu.

"Mama mkunga, usiondoke! Sikuipima. Nimemdanganya mama."

Mama akaingiza mkono dirishani mwa gari. Akazima injini, akaitoa ile themostati, akaitia kwenye maji yanayotokota. Haikutikisika. Mbovu! Akachukua nyingine dukani kwa jirani, nayo ikafunguka polepole, wote watatu wakiikodolea macho. Mkunga aliondoka amechelewa, lakini jioni alipiga simu: mzazi na mtoto wote salama.

Binti akaangua kilio. Mama akamkalisha karibu naye.

"Nimekasirika, sikufichi. Lakini umesema mapema, na hilo limetuokoa. Mkunga hafungui injini kukagua, mwanangu. Anaamini neno letu, kisha anaweka roho yake na ya mgonjwa juu ya neno hilo. Siku nyingine ukichoka kusubiri maji, niambie umechoka. Nitayasubiri mwenyewe."