Ukurasa Usio na Mwisho

Feni ya duka la fotokopi ilipeperusha karatasi za wateja wawili kwa mpigo mmoja, nao wakajikuta wamepiga magoti katikati ya miguu ya watu, wakigombea kurasa za muziki. Msichana alivaa gauni la manjano, kasha la fidla mgongoni. Wenzake katika okestra walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Mwanamume alikuwa fundi saa, mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Kaka, hiyo yangu!"

"Taratibu, dada, utanivunja vidole. Ndivyo vinavyonilisha."

"Na hivi vyangu vinalisha nani, paka?"

Wakacheka, wakapeana namba za simu, kila mtu akashika njia yake.

Nyumbani, Chiriku alikuta katikati ya karatasi zake ukurasa usio wake, ulioandikwa kwa mkono, wino wa buluu ukianza kufifia. Ilikuwa kadenza. Katika kazi aliyokuwa aipige na okestra baada ya wiki tatu, mtunzi aliacha pengo: vyombo vyote vinanyamaza, na mpiga fidla anapiga peke yake anachokichagua. Anapotaka kumaliza hutetemesha noti moja kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo ishara ya kiongozi kuirudisha okestra. Ukurasa huu haukuwa na ishara. Wino ulikatika tu.

Akampigia.

"Fundi, nimeondoka na karatasi yako."

"Najua."

"Sasa mbona hukunipigia?"

"Nipigie kidogo nisikie."

Aliiweka simu mezani akapiga. Upande wa pili sauti ikasema, "Rudia, mpenzi." Moyo wa Chiriku ulimwenda mbio kwa neno hilo, naye akarudia.

Wiki mbili zikapita hivyo. Walikunywa chai, walitaniana, walishikana mikono barabarani, lakini kila simu iliishia pale pale: nipigie, rudia. Chiriku alikuwa amezama, na hakuona aibu kusema. Kilichomtisha ni ukurasa. Ulikuwa wa dakika mbili. Asubuhi moja aliuanza saa tatu kamili, na alipoinua kidevu saa ya ukutani ilisema saa nne kasorobo. Vidole vyake vilikuwa baridi mithili ya vya maiti. Alimpelekea fundi ile saa, naye fundi akaifungua, akaitazama ndani.

"Saa yako ni nzima," alisema, na hakuuliza kitu.

Siku ya mazoezi alipiga kadenza ile mbele ya okestra. Shangazi yake, aliyemlea na kumfundisha fidla, alikuwa kwenye fidla za pili. Upinde ulimponyoka mkononi.

"Mwanangu, hii umeitoa wapi?"

"Kwa mtu wangu. Kwani vipi?"

Shangazi alionyesha kiti cha mwisho cha safu yake, ambacho hukaa wazi siku zote. "Aliyeitunga alikaa pale. Alifariki hajaimaliza, na tangu tumzike hakuna anayethubutu kukikalia. Mumewe ni fundi saa."

Chiriku alitoka nje na fidla yake mkononi, akampigia fundi.

"Niambie ukweli. Unanipenda mimi, au umenifanya simu ya kuongelea na marehemu?"

"Mwanzoni nilitaka kumsikia yeye. Ukurasa huo unalia kichwani mwangu kila saa, sipumziki. Lakini sasa..."

Akamkatia. Wiki nzima hakupokea simu zake. Wivu juu ya mtu aliye kaburini hauna dawa. Huwezi kumfuata mlangoni ukamsuta. Asubuhi ya onyesho ndipo alipopokea.

"Ichome hiyo karatasi, kipenzi. Zipo kadenza zilizochapwa. Chagua moja iliyo salama."

"Nikiichoma, utaendelea kuisikia. Mimi sitaki ukewenza na marehemu. Leo naipiga mbele ya watu mpaka iishe."

"Haina mwisho!"

"Nitautia wangu."

"Na ukinasa humo?"

"Njoo ujionee," alisema, na alikuwa anaogopa.

Saa kumi jioni alisimama jukwaani kwa gauni jeusi refu. Okestra ikanyamaza, akaanza. Wino ulipokatika aliutafuta mwisho alioufanyia mazoezi, lakini vidole vilimkatalia, vikarudi mstari wa kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kiongozi alikuwa ameinua kijiti, jasho likimtiririka. Chiriku aliitazama mikono yake ikifanya kazi vizuri mno, akajua si yeye anayepiga.

Safu ya tatu ya watazamaji, fundi saa alikuwa amesimama. Hakumtazama yeye. Alitazama nyuma ya Chiriku, kwenye kiti cha mwisho cha fidla za pili.

Hapo Chiriku akaelewa kwamba mwisho ule haukuwa wake kuutia. Kwa nguvu zake zote akaung'oa upinde kwenye nyuzi, akaushusha, jambo ambalo mpiga solo halifanyi.

"Dada," alisema moyoni, "malizia mwenyewe. Ni yako."

Nyuma yake noti moja ikaanza kutetemeka, nyembamba, safi, ndefu. Kiongozi aliyekuwa akiingoja ishara tu akateremsha kijiti, okestra ikaingia, na Chiriku akaudaka muziki njiani huku machozi yakimtoka.

Nyuma ya pazia kiongozi aliuliza nani aliyepiga. Shangazi akatikisa kichwa. "Fidla zetu zote zilikuwa mapajani."

Fundi akaja, akasimama mbali kidogo.

"Unamsikia bado?" Chiriku aliuliza.

Aliinamisha kichwa akasikiliza.

"Hapana." Akaangua kilio kama mtu aliyepewa habari ya msiba dakika ile. "Kumbe nilikuwa sijamzika."

Chiriku alimshika, akamwacha alie.

"Nataka nikuoe," alisema fundi katikati ya kwikwi.

"Leo mlilie mwenzangu. Ukimaliza, njoo kwa shangazi useme vizuri."

"Hata ikichukua mwaka?"

"Hata mwaka. Lakini simu upige kila siku. Na ukipiga, usiniambie nishike fidla. Tuongee."