Kitambaa Kisichokunywa Maji

Katika nyumba ya fundi cherehani mmoja, vumbi halikuwa na pa kulala. Likitua mezani, limefutwa. Likikimbilia dirishani, limefuatwa hukohuko. Mke wa fundi alikuwa na mkono usiotulia, na kazini kwake walimpa jina la Mama Futa. Alilipenda. Wapo wanaopewa majina mabaya zaidi, na wamestahili.

Mtu mmoja tu alikuwa hajaridhika naye, mama mkwe wake. Bibi huyu aliugua presha ya macho. Kila asubuhi na kila jioni ilibidi atiwe tone la dawa. Bila dawa, mwanga wa macho ungepungua kidogo kidogo, na mwanga wa namna hiyo ukiondoka haurudi. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kupoteza nusu ya mwanga wake. Lakini kidole chake kilikuwa kizima kabisa. Alikipitisha juu ya kabati, akakisugua, akakinusa.

"Mkwe wangu, hili vumbi umelifuta au umelitisha tu?"

"Nimelifuta, mama."

"Basi limekwenda kutembea, sasa limerudi."

Ile dawa ya macho ilitoka kiwanda kilekile alichofanyia kazi Mama Futa. Yeye alisafisha chumba cha kujazia dawa kwenye vichupa. Walikiita chumba safi, na jina hilo halikuwa la majivuno. Hewa yake ilichujwa. Meza zake zilikuwa za chuma kisichoshika kutu. Kabla ya kuingia, mtu alivaa ovaroli nyeupe, kofia, barakoa, miwani na glavu, akabaki bila sura. Msimamizi wa chumba walimwita Bwana Barakoa, kwa sababu wengi hawakuwahi kuuona mdomo wake. Siku alipokunywa chai mbele za watu, wawili waliacha vikombe vyao wakamtazama.

Ukutani palikuwa na mashine ya kuhesabu chembe za vumbi, zile ndogo ambazo jicho halizioni. Taa ikiwa ya kijani, kazi inaendelea. Ikiwa nyekundu, kazi inasimama. Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Chembe ikiingia kwenye kichupa, itaingia kwenye jicho la mtu. Na vijidudu hupenda kupanda chembe kama abiria.

Mambo yalianza kwenda kombo vilipokwisha vitambaa vya kufutia. Mtunza stoo aliambiwa aagize vya polista, yaani vya uzi wa plastiki. Akaagiza polista, akaletewa polista. Hakuna aliyeuliza ni polista ya namna gani.

Mama Futa alivijaribu vile vipya. Alimwaga dawa ya kusafishia mezani, akafuta. Maji yakakimbia mbele ya kitambaa kama kuku anayefukuzwa jikoni. Akafuta tena, yakahamia upande wa pili. Yalipokauka yenyewe yaliacha alama nyeupe. Akasoma karatasi ya pakiti, akaona neno polista, akacheka ndani ya barakoa yake. Kumbe ni hii. Mumewe alikuwa na shati la polista. Akilivaa siku ya joto, jasho lilimtiririka mgongoni kama mvua kwenye bati, na shati halikunywa hata tone. Nani basi ametoa akili ya kufutia maji kwa kitu kisichokunywa maji? Vile vya zamani vilifuta vizuri, lakini hakuwahi kuuliza vilitengenezwa na nini. Kisu kikikata, nani anauliza kilikozaliwa?

Jioni alilieleza jambo hilo nyumbani. Mama mkwe alisikiliza, akaingia chumbani, akatoka na shuka lake la zamani la pamba. Alisema watoto wake wote walilalia shuka hilo, limefuliwa mpaka limekuwa laini kuliko shavu la mtoto, na kwamba maji yakiliona yanajisalimisha yenyewe. Fundi akalikata vipande, akavipinda kingo. Mama Futa akavifua, akavichemsha, akavipiga pasi, akavitia kwenye mfuko safi. Kesho yake vikaingia chumba safi pamoja na ndoo zake. Hakuona kwamba anaficha kitu. Aliona anaongeza usafi.

Na kweli, meza ilikauka ikang'aa. Mama Futa akajiona ndani yake, miwani na yote.

Kisha taa ikawa nyekundu.

Bwana Barakoa akasimamisha kazi, akaagiza chumba kisafishwe upya. Mama Futa akafuta kwa nguvu zote. Mashine ikahesabu chembe nyingi zaidi. Akaongeza vipande vya shuka, akafuta kuta, akafuta miguu ya meza. Mashine ikazidi. Fundi wa hewa alipanda darini kukagua vichujio, akashuka akasema vichujio ni vizima. Waliangalia ovaroli, wakaangalia milango. Kila mtu alimtazama mwenzake, na kwa kuwa macho tu ndiyo yaliyoonekana, kila mtu alionekana kama mwizi.

Akili ya Mama Futa ikawa kama uzi uliochezewa na paka. Tangu utotoni alijua kwamba ukifuta, uchafu unapungua. Sasa hapa alifuta, na uchafu uliongezeka. Alianza kuutazama mkono wake kwa wasiwasi. Labda mkono wenyewe ulikuwa umeharibika.

Chumba kilibaki kimefungwa. Vichupa havikujazwa. Duka la dawa la mtaani likaishiwa, na muuzaji akasema hata bohari hawana, wanasubiri kiwanda. Kichupa cha mama mkwe kilikuwa kimebaki nusu tu.

Jioni moja Mama Futa alikwenda kumtia dawa. Bibi akasema jioni haihitaji tena, asubuhi inatosha. Mama Futa alishika kichupa, akakitikisa, akaelewa. Bibi alikuwa anajipunguzia dawa ili isiishe.

"Mama, daktari alisema mara mbili."

"Daktari alisema mara mbili wakati dukani ipo. Sasa haipo. Kwani huko kwenu mnafanya nini?"

"Tunafuta."

"Basi acheni kufuta, mtengeneze dawa."

Bibi alicheka. Mama Futa hakucheka. Alimtia tone la jioni kwa lazima, na bibi akanuna.

Asubuhi, Bwana Barakoa alimwita mtaalamu wa ubora, mwanamke kijana ambaye wote walimwita Dada Vipimo. Dada Vipimo hakuanza na mashine. Alimwomba Mama Futa amweleze tu anavyofanya kazi, tangu anapoingia. Mama Futa akaeleza. Alipofika kwenye vitambaa, uso ukamchangamka. Alisema vile vya polista ni bure kabisa, havina tofauti na shati la mumewe lisilokunywa jasho, ila yeye amepata dawa yake. Akautoa mfuko.

"Ni shuka la mama mkwe. Mkiniruhusu niongeze jingine, chumba hiki tutakishinda."

Bwana Barakoa akafungua mdomo, na kwa bahati mbaya hakuna aliyeuona. Dada Vipimo akamwashiria asubiri. Aliwapeleka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akazima taa, akawasha tochi, akampa Mama Futa kipande kimoja.

"Kikung'ute mbele ya mwanga, mama. Kwa nguvu."

Mama Futa akakikung'uta. Ndani ya mwanga wa tochi vinyweleo vikaruka, vingi, vyepesi, vikazunguka na kuzunguka, wala havikutaka kutua. Alitazama kitambaa. Alitazama vinyweleo. Alikuwa amekichemsha kwa mikono yake.

"Lakini ni kisafi," alisema.

"Ni kisafi," Dada Vipimo akakubali. "Huo si uchafu. Hicho ni kitambaa chenyewe kinachotoka kipande kipande."

Akamweleza kwamba pamba ni nywele fupi fupi zilizosokotwa pamoja. Kila ukisugua, nyingine zinakatika na kuruka. Nyumbani hazina neno. Kwenye chumba safi kila kinyweleo ni chembe. Ndiyo maana kadiri alivyofuta, ndivyo mashine ilivyopiga kelele. Uzi wa polista ni tofauti. Ni mrefu, haukatiki ovyo, kama uzi wa mshipi wa kuvulia samaki.

Mama Futa akasema sawa, hilo kalielewa, na sasa ndipo alipochanganyikiwa zaidi. Kinachokunywa maji kinarusha vinyweleo. Kisichorusha vinyweleo hakinywi maji. Basi wafute kwa ulimi?

Dada Vipimo alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatoa kitana cha plastiki mfukoni, akakichovya kwenye glasi ya maji, akakiinua.

"Plastiki inakunywa maji?"

"Hainywi."

"Na haya yaliyokaa katikati ya meno ni nini?"

Mama Futa aliinama akatazama. Matone yalikuwa yamekaa katikati ya meno, yametulia, hayadondoki.

"Kwa hiyo kinakunywa au hakinywi?"

"Uzi haunywi. Kitambaa kinabeba. Kikifumwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, maji yanaingia katikati yake kama hapa. Tena kiwandani kwao lazima kioshwe na kutengenezwa ili kiyapokee maji. Kisipotengenezwa hivyo, maji yanateleza juu yake. Ndicho ulicholetewa wewe, na ndivyo lilivyo shati la mzee wako."

"Kwa hiyo shati la mume wangu halijatengenezwa."

"Halijatengenezwa kwa kufutia, mama. Kwa kuvaa sijui."

Siku hiyo Dada Vipimo aliomba sampuli kutoka kwa wauzaji mbalimbali, na zilipofika akamwita Mama Futa wachague pamoja. Bwana Barakoa aliwahi kuchukua kile kinene kuliko vyote. Alisema kinene ndicho kinachobeba. Dada Vipimo hakubishana naye. Alimpa Mama Futa kidude cha kudondoshea, akamwambia atone tone moja juu ya kila kitambaa.

Kwenye kile kinene, tone lilisimama kama gololi. Bwana Barakoa alikiinamisha kitambaa kidogo, likabingirika. Kwenye cha pili, tone lilizama mara moja, lakini Mama Futa, mke wa fundi, akaona kitu kabla hajaambiwa. Ukingo ulikuwa umekatwa kwa mkasi. Alivuta uzi, uzi ukaja. Akautikisa mbele ya Bwana Barakoa. Cha tatu kilizamisha tone papo hapo, na kingo zake zilikuwa zimeyeyushwa kwa moto zikajifunga zenyewe, uzi hauna pa kutokea. Kilifungwa kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, ili wa nje uvuliwe mlangoni pamoja na vumbi lake. Walikipima kwa mizani kikiwa kikavu, wakakilowesha mpaka kikaacha kudondosha, wakakipima tena. Kilibeba maji mengi kuliko kile kinene. Kisha wakakikung'uta gizani mbele ya tochi. Hakuna kilichoruka.

Dada Vipimo aliomba karatasi ya vipimo ya muuzaji pia, kwa sababu macho na mikono havitoshi kwa chumba kama kile. Karatasi na majaribio yao vikakubaliana.

Kitambaa kilipatikana. Uliobaki ni mkono. Mama Futa maisha yake yote alifuta kwa kuzungusha. Sasa aliambiwa asizungushe, maana kuzungusha kunarudisha uchafu palipokwisha kufutwa. Akunje kitambaa mara mbili. Akiloweshe kiasi, kisidondoshe. Avute kwa mwelekeo mmoja, kila mstari ukipanda kidogo juu ya ukingo wa uliotangulia. Aanze palipo safi zaidi, aishie palipo pachafu zaidi, juu kwanza na chini baadaye. Kila upande ukitumika, ageuze upande mpya. Pande zikiisha akitupe, asikisuuze kwenye ndoo.

"Nikitupe kingali kizima?" aliuliza. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Mkono wake ulikataa. Ulisikiliza mstari mmoja, wa pili ukaanza kuzunguka wenyewe. Akaenda kuufundisha nyumbani, kwenye meza ya chakula. Mama mkwe alimtazama kwa jicho lake zima.

"Leo unaipiga meza pasi?"

"Nafuta kwa mwelekeo mmoja, mama."

"Na vumbi linajua mwelekeo?"

Mama Futa aligeuza kitambaa upande mpya. Alivuta mstari mwingine.

Siku ya jaribio, chumba kilisafishwa chote kwa vitambaa vipya. Mama Futa alivuta mistari yake polepole, akigeuza pande, akitupa vitambaa vizima huku moyo unamlia. Kisha wote wakatoka, wakasimama nyuma ya kioo. Mashine ikahesabu. Mama Futa hakuitazama. Alitazama mkono wake.

"Kijani," alisema Bwana Barakoa.

Wakaamriwa wasafishe na kupima tena, na tena ikawa kijani. Vichupa vikaanza kujazwa. Mtunza stoo akapewa maelezo mapya: kabla ya kuagiza, aulize kitambaa kinabeba maji kiasi gani, kinaacha chembe kiasi gani, na kingo zimefungwaje. Neno polista peke yake halitoshi, kama neno mchumba lisivyotosha mpaka umjue mtu.

Dawa ilichukua wiki kadhaa kupimwa kabla haijatoka. Kwa muda huo Mama Futa alitia matone yote mawili kila siku, na kila jioni alikishika kichupa juu ya taa. Bibi alinung'unika. Siku kichupa kilipotoa hewa badala ya tone, fundi alikuwa mlangoni na kichupa kipya kutoka dukani.

Mama Futa alikifungua. Bibi akainua uso, akafumbua jicho, tone likaingia, akalifumba. Kidogo kilimwagika, kikatelemka shavuni. Mama Futa akachukua kipande cha shuka la pamba, maana sasa vipande vyote vilibaki nyumbani, mahali pake, na akanyoosha mkono. Mkono ukaanza kuzunguka shavuni.

"Ah ah," alisema bibi, bado kafumba jicho. "Mwelekeo mmoja."