Umeme Uliobaki Ndani ya Kioo

Kila asubuhi ya likizo, Somoe alifagia mbele ya banda la shangazi yake kabla ukungu haujaondoka kwenye vilima vya Mbinga. Alikuwa darasa la sita, na baridi ya Juni ilimfanya avae sweta la shule hata shule ikiwa imefungwa. Akimaliza kufagia aliwasha jiko la mkaa, akabandika chai, kisha akapanga redio zilizopona upande mmoja wa meza na mbovu upande wa pili. Shangazi yake, Shamimu, alikuwa fundi wa redio na televisheni. Hata wakulima waliokuja mjini kuuza kahawa walipitia kwake na redio zao zimefungwa kwenye kanga.

Somoe aliipenda kazi ile. Kilichomchosha ni utaratibu wa shangazi yake tu. Kabla ya kufungua chombo chochote, Shangazi Shamimu alichomoa waya ukutani, akavua pete, akavaa viatu vya raba, kisha akarudi kuutazama tena ule waya aliokwisha kuuchomoa. Kwa televisheni za zamani, zile za chogo zenye kisogo kirefu nyuma, ndipo alipozidi. Somoe alimwona kama mtu anayefunga mlango halafu anarudi kuusukuma, na kuusukuma tena.

Ijumaa moja lori dogo aina ya kanta lilisimama mbele ya banda. Dereva aliitwa Alphonce. Pamoja naye alishuka kijana mrefu, Joakim, kiongozi wa kikundi cha vijana cha Liuli, kule ziwani. Wakateremsha kabati refu kuliko Somoe, lenye kioo cha chogo, vishikio viwili na vitufe vya rangi. Ilikuwa mashine ya gemu.

"Shikamoo, mama," Joakim alisema.

"Marahaba. Poleni na mlima. Hiki nacho kimetoka wapi?"

"Tulipewa na mtu mmoja wa Mbamba Bay alipofunga nyumba yake ya wageni. Mwaka mzima sisi vijana tumejenga ukumbi wetu, tumefyatua matofali, tumepaka rangi kwa mikono yetu. Kesho tunaufungua, na watoto tumewaahidi mashine hii. Lakini hebu tazama."

Akachomeka waya ukutani. Muziki wa gemu ulisikika vizuri, ila kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja mwembamba, mweupe, umelala katikati.

"Sauti ipo, picha imelala," alisema Shangazi Shamimu. "Kuna kiungo kimeachia kwenye bodi, kile kibao cha ndani chenye vifaa. Itabidi niitoe yote."

Kabla hajamaliza kusema, mstari ukatoweka na muziki ukanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Kinyozi wa banda la jirani akatoka nje na mashine yake mkononi, mteja akimfuata na kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Shangazi Shamimu akachomoa waya wa mashine ya gemu, akatazama saa.

"Nakwenda nyumbani kumpa bibi yako dawa na kuswali. Sichelewi. Somoe, mtu asifungue mashine hii mpaka nirudi."

"Sawa, shangazi."

Walisubiri. Alphonce alitembea mbele na nyuma ya gari lake, akitazama jua. "Joakim, ule mteremko wa kushukia ziwani mimi siupiti gizani," alisema. "Tukikawia hapa tutalala hapa."

Joakim akaguna. Akachukua bisibisi mezani na kuanza kufungua skrubu za nyuma ya kabati.

"Kaka Joakim, shangazi amesema isifunguliwe."

"Nafungua mfuniko tu, mdogo wangu. Nampunguzia kazi."

Mfuniko ukatoka. Ndani kulikuwa na kioo kikubwa chenye umbo la kibuyu, shingo nyembamba nyuma na tumbo pana mbele. Ubavuni mwake kulibanwa kikombe cha mpira, na kutoka kwenye kikombe hicho waya mnene mwekundu ulishuka mpaka kwenye bodi iliyojaa vumbi.

"Bodi yenyewe ndiyo ile," alisema Joakim. "Nikiung'oa huu mpira, inatoka yote." Akapeleka mkono.

Somoe akapita upesi na kusimama kati yake na mashine. "Usiuguse."

Joakim akacheka, si kwa ubaya. "Somoe, umeme umekatika mji mzima. Tena waya wa ukutani huu hapa, nimeushika. Umeme utatoka wapi?"

Somoe akautazama waya ule mkononi mwa Joakim. Maneno ya Joakim yalionekana sawa kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza hivyo hivyo siku zote alizomwona shangazi yake akipoteza muda mbele ya televisheni iliyozimwa. Kama Joakim angekuwa mwanafunzi mwenzake, labda wangecheka pamoja.

"Sijui utatoka wapi," alisema mwishowe. "Ila shangazi hajawahi kuugusa mpira ule kwa mkono mtupu, hata umeme ukiwa umekatika. Sijui kwa nini. Yeye anajua. Tumsubiri."

"Mtoto gani huyu anabishana na wakubwa?" Alphonce alisema kutoka mlangoni.

Maneno hayo yalimchoma Somoe. Alilelewa kutojibizana na wakubwa, na sasa watu waliokuwa wakipita walianza kusimama kutazama.

"Na watoto wa Liuli kesho nitawaambia nini?" Joakim aliuliza.

Machozi yalimlengalenga Somoe, lakini hakusogea. Alishika pembe za kabati kwa mikono yote miwili, mgongo wake ukiwa umeziba uwazi. Joakim alimtazama, kisha akashusha pumzi na kuweka bisibisi mezani.

Hivyo ndivyo Shangazi Shamimu alivyowakuta. Aliutazama mfuniko uliokuwa sakafuni. "Nani amegusa ndani?"

"Hakuna aliyegusa, shangazi," alisema Somoe.

"Mimi nilitaka kugusa, mama," Joakim akakiri. "Amenizuia."

Shangazi Shamimu aliwaambia wote wasimame nyuma ya meza. Akavua pete, akavaa viatu vya raba. Akachukua bisibisi ndefu yenye mpini mnene wa plastiki, ambayo chuma chake kilifungwa waya. Ncha ya pili ya waya huo aliibana kwenye msuko wa nyaya uliozunguka kioo. Mkono wa kushoto akauweka mgongoni. Kwa mkono wa kulia, polepole, akaingiza ncha ya bisibisi chini ya kikombe cha mpira.

Paa!

Cheche ya buluu iliruka. Alphonce alirudi nyuma hadi akagonga mlango. Shangazi Shamimu alitulia, akangoja kidogo, kisha akarudia. Safari hii ulisikika mlio mdogo tu. Akarudia tena, na kukawa kimya.

"Kioo hiki ni kama mtungi," alisema. "Bomba likikatika, maji yaliyokwisha kuingia mtungini hayaondoki. Mashine ikiwaka, humu hujaa umeme wa maelfu ya volti, na ukiizima unaweza kubaki siku kadhaa. Lazima umwagwe kwa njia yake, na fundi ndiye wa kuumwaga."

Joakim alikaa kwenye kreti la soda. Alikuwa akitazama kiganja chake. "Mkono wangu ulikuwa pale," alisema kwa sauti ndogo.

Bodi ikatolewa, ikafutwa vumbi, ikageuzwa. Shangazi Shamimu alipekua mstari baada ya mstari huku Somoe akimmulikia tochi.

"Shangazi, hapa pana duara jeusi," Somoe alisema. "Kama risasi ya kuchomea imepasuka kuzunguka mguu wa kifaa hiki."

Shangazi Shamimu akainama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Ndipo penyewe. Macho yako mazuri."

Kwa kuwa umeme haukuwepo, alitia pasi ya zamani ya kuchomea kwenye jiko la mkaa mpaka ikapata moto, akayeyusha risasi mpya, akaziba ufa. Vyote vikarudishwa mahali pake, na mfuniko ukafungwa. Kinyozi, ambaye tayari alikuwa amewasha jenereta amalizie kichwa cha mteja wake, akawavutia waya. Joakim alishindwa kutazama. Aligeukia barabarani.

Muziki ukaanza. Mstari mweupe ukatokea katikati ya kioo, ukatetemeka, kisha ukatanuka juu na chini kama pazia linalofunguliwa, na rangi zikajaa kioo chote. Watu mlangoni wakapiga makofi. Alphonce naye alipiga, tena kwa nguvu kuliko wote, kisha akamwendea Somoe na kumpa mkono kama anavyopewa mtu mzima.

Wakaipakia mashine kwenye gari, wakashuka mlima jua likiwa bado juu. Shangazi Shamimu na Somoe walikwenda pia, kwa mwaliko wa Joakim, baada ya jirani kukubali kukaa na bibi.

Kesho yake ukumbi wa Liuli ulifurika. Harufu ya usipa, dagaa wa ziwani, waliokuwa wakianikwa ufukweni iliingia madirishani, na watoto walibanana mpaka mlangoni. Joakim alisimama mbele ya mashine na kuwasimulia yote, bila kujificha, hata alivyocheka. Kisha akamwomba Shangazi Shamimu aseme neno.

"Nitasema machache, naona mnaitamani mashine," alisema, na watoto wakacheka. "Jana Somoe hakujua umeme ulikuwa wapi. Kutojua si aibu. Lakini alijua kwamba hajui, akakataa kubahatisha, hata wakubwa walipomkasirikia. Adabu kwa wakubwa ni nzuri, ila haimaanishi kunyamaza mtu akielekea hatarini. Gari likituacha, tutapanda lingine. Mwenzetu akituacha, hapatikani mwingine. Na ninyi, nyuma ya kabati hili si penu, hata likiwa limezimwa. Likiharibika, iteni fundi. Mbele yake chezeni mpaka mchoke."

Joakim akamshika Somoe mkono na kumpeleka kwenye vitufe, awe wa kwanza. Aliposhinda duru ya kwanza, ukumbi mzima ulilipuka kwa shangwe.