Kilemba Kilichofunguka Bondeni

Ghaicha aling'oa kigingi, akakitupa mchangani, simu ikiwa sikioni.

"Umesikia, Aghali? Ni kigingi hicho. Nang'oa hema langu nahamia kwa kaka zangu. Ukirudi utakuta mchanga mtupu, ulale na ngamia wako."

"Ghaicha, usifanye hivyo. Hema likitoka hapo, ndoa yetu imekwisha."

"Imekwisha tangu ulipokimbilia milimani! Mafuriko yamepita, maji yamekauka, mume haonekani. Una mwanamke huko?"

"Mwanamke! Niko na mbuzi na aibu yangu."

"Aibu gani? Umemwokoa mama yangu, kambi nzima inakusifu."

"Inanisifu kwa sababu haikuona. Maji yalipomzoa bondeni sikuwa na kamba. Nikafungua kilemba nikamrushia, akakishika, nikamvuta. Kilemba chote, Ghaicha! Alipotoka majini ananitazama hivi, na mimi mdomo wazi kama mtoto mchanga."

Ghaicha akakaa mchangani kando ya kigingi. Tangu waoane, Aghali hajanywa hata funda la maji mbele ya mama mkwe wake. Akimwona kwa mbali hubadili njia, na kitambaa hakishuki chini ya pua. Mwanamume wa kwao hufunika mdomo kwa kilemba, na ni heri akutwe bila kanzu kuliko mdomo wake kuonwa na mkwe.

"Kwa nini hukuniambia, mume wangu?"

"Ningeanzaje? Nitapita vipi tena mbele ya mama yako? Ng'oa tu."

Simu ikakatika.

Mama yake, Bi Tamumt, alikuwa chini ya mgunga anapuliza makaa ya chai. Ghaicha akamwendea.

"Mama, siku ile bondeni ulimwona mkweo?"

Bi Tamumt hakuinua kichwa.

"Nimwone kwa macho gani? Yalijaa matope. Nilishika kitambaa, nikavutwa. Hata angenivuta punda nisingejua."

"Uso hukuuona?"

"Mtoto wewe! Nimesema matope. Unataka niyalete uyaonje?"

Kisha akavuta furushi lake, akatoa kilemba kipya cha nili, kinang'aa na kuchafua vidole kwa rangi.

"Kile chake kilichanika kwa ajili yangu. Hiki nilimwekea kaka yako siku ya kuoa. Kaka yako atasubiri, hata mchumba hana."

Ghaicha akaandika ujumbe mbio mbio: "Mama hakuona kitu. Macho yalijaa matope. Amekupa kilemba kipya."

Jibu likaja: "Kweli hakuona?"

"Kweli. Njoo. Kigingi nakirudisha, ila ukichelewa nakitoa tena."

"Natandika ngamia."

Jua likiwa bado juu ya milima, Aghali akatokea, amejifunika blanketi kuukuu hadi machoni. Akasimama mbali, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Ghaicha akamfuata, akamfunga kilemba kwa mikono yake, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka yakabaki macho tu. Nayo yalikuwa yamelowa.

"Ulitaka kuniacha kwa ajili ya mdomo?"

"Nilijua utanicheka."

"Nitakucheka ukishashiba. Ingia ndani."

Akaingia hemani. Ghaicha akarudi mgungani kuchukua chai. Bi Tamumt, mgongo ameuelekeza hemani kama adabu inavyotaka, akamnong'oneza:

"Mpelekee na tende. Chagua zile laini. Ngumu zitamsumbua, na lile pengo lake la mbele."

Ghaicha nusura aangushe birika.

"Mama!"

"Mama nini? Chai inapoa."

Akaenda huku amejibana mbavu. Ndani, Aghali aliuliza kwa wasiwasi:

"Mama anasemaje?"

Ghaicha akateremsha pazia la mlango, akaketi karibu yake, akamwekea tende laini mkononi.

"Anasema matope ya mwaka huu yalikuwa mazito sana."

Aghali akashusha pumzi ndefu. Halafu, kwa kuwa walikuwa wawili tu, akashusha na kilemba, akacheka, pengo lote nje.