Uso wa Altareni

"Huyu nani?" Agata aliuliza, kidole kimeelekea uso uliochorwa kwenye bati.

"Si nimekwambia? Bibi Zuzanna, mke wa Bwana Hieronim. Homa imemchukua Jumanne, wanazika kesho."

"Sikuulizi jina la marehemu, Kasper. Nakuuliza huyu nani kwako."

Kasper akaendelea kusuuza brashi, kajifanya kiziwi. Mji mzima ulimjua. Watakatifu wote wa kanisani kawachora yeye, na bwana yeyote akifa, ndiye anayeitwa achore uso wake kwenye bati la pembe sita. Bati hupigiliwa kwenye jeneza upande wa kichwani, marehemu awakodolee macho waombolezaji mpaka misa iishe. Na ni lazima ufanane, la sivyo ndugu wanalalamika kwamba wamemzika mtu wasiyemjua.

Miaka kumi na miwili Agata, mkewe, alikuwa akimsagia rangi. Macho yake hayakuwa ya kudanganywa. Nyusi ile moja iliyopanda kuliko mwenzake, na kile kibonyo cha kidevuni, alivipigia magoti kila Jumapili.

"Huyu ni Mama Maria wa altareni," alisema.

"Wanawake wanafanana, bwana."

"Usinifanye mjinga! Nilikaa kwenye kigoda kile wiki tatu ukiichora picha ile, baridi inanitafuna miguu, mwanetu Jasiek nimempakata. Nikakuuliza, mbona uso si wangu? Ukanijibu nini?"

Kasper akachovya brashi nyingine majini.

"Mwanaume, ukanijibu nini?"

"Nilisema… ni wewe, kama Mungu anavyokuona."

"Na mimi punguani nikaamini! Sokoni wananicheka, 'Agata, Mama Maria kakuzidi pua,' nami najibu kwa kiburi, ndivyo Mungu anavyoniona! Ulilala naye?"

"Agata…"

"Nijibu!"

"Kiangazi kile nilichokwenda kumchora picha ya harusi. Kimoja tu. Nilimpenda, sikatai. Lakini yalikwisha."

Kwa hilo Agata hakulia. Lililomchoma lilikuwa jingine. Jasiek alikufa kwa ndui mwaka uleule picha ilipopandishwa, hajatimiza hata miaka miwili. Dunia nzima haikuwa na sura yake nyingine ila pale, mapajani mwa Mama Maria.

"Umechukua mikono yangu, ukachukua mwanangu, ukampa mama mwingine," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamwagika. "Miaka tisa namwombea mtoto wangu akiwa mapajani mwa hawara yako! Kasper, una moyo wewe?"

"Nisamehe. Na kesho nisaidie, nakuomba. Jeneza litawekwa chini ya altare ileile. Bwana Hieronim husali kwenye kikanisa cha nyumbani kwake, hajawahi kuiona picha yetu. Akiinua macho tu, nimekwisha!"

"Lichore upya bati."

"Ameshaliona. Alilibusu akilia, akaniambia ni yeye mwenyewe. Nifanyeje?"

"Muulize aliyekufa," Agata alijibu, akatoka kwenda kukoroga supu ya kabichi.

Asubuhi aliingia kanisani akiwa ameshaamua. Akiulizwa, atasema kweli yote, na litakalompata Kasper limpate. Aliyataka yote yasemwe mbele ya wanawake walewale wa sokoni.

Misa ikaanza. Bwana Hieronim alipiga magoti karibu na jeneza, kichwa kimenyolewa pande zote, upanga kiunoni. Padri Melchior alipofika kwenye fadhila za marehemu, mfiwa yule akainua macho kutazama altare. Akatazama bati, akatazama altare tena. Kisha akasimama.

"Padri, nyamaza. Mchoraji yuko wapi?"

Watu wakamsukuma Kasper mbele.

"Mke wangu amefikaje pale juu?"

"Bwana Mkubwa, yule… yule ni mke wangu! Agata! Ndiye aliyekaa. Muulize mwenyewe!"

Shingo zote zikageuka. Padri Melchior akamnyooshea mkono.

"Mwanamke, sema kweli mbele ya Mungu. Kama picha ile ina uzinzi ndani yake, haitalala humu. Nitaichoma leo leo, mimi mwenyewe."

Kuichoma! Hilo Agata hakulifikiria. Akatazama juu, siyo kwa yule mwanamke, bali kwa mtoto, na kimguu chake kinene, na kidole mdomoni. Akayaacha maneno aliyoyaandaa.

"Nilikaa mimi, Bwana Mkubwa," alisema. "Mikono ile ndiyo hii, itazame. Mtoto ni wangu, kaburi lake liko hapo nje."

"Na uso?"

"Uso si wa mtu yeyote. Mume wangu hajui kuchora nyuso."

"Agata!" Kasper aliropoka.

"Hajui! Anajua uso mmoja tu wa mwanamke, alioiga kwa fundi wake akiwa kijana. Kila mwanamke anampachika uleule. Mimi kanipachika, na marehemu kampachika. Wewe ulikuwa na machozi, Bwana Mkubwa, ukaona ulichotamani kukiona. Kwani nyusi ile ni ya Bibi kweli?"

Bwana Hieronim alilitazama bati kwa muda mrefu. Sasa niambie wewe, mume anayepewa achague kati ya mke mzinzi na mchoraji mbovu, atamchagua nani?

"Mchoraji. Ni kweli?"

Loo! Kasper alikuwa na fahari moja tu maishani, kwamba nyuso zake zinapumua.

"Sema," Agata alimhimiza.

"Ni kweli, Bwana Mkubwa. Sijui kuchora nyuso."

Mke wa mtengeneza matandiko akacheka kule nyuma. Bwana Hieronim akachomoa kisu, akalibandua bati kwa mikono yake, akamtupia Kasper miguuni.

"Heri azikwe bila uso kuliko na uso wa tapeli!"

Wakamzika hivyo hivyo.

Nyumbani, Kasper alipiga magoti.

"Umeyaokoa maisha yangu, mke wangu! Sina cha kukulipa."

"Wewe? Nani kakuokoa wewe?"

"Lakini…"

"Wangemchoma Jasiek. Ingekuwa ni shingo yako tu, nisingefungua mdomo."

Kasper alifuta pua kwa mkono wa kanzu yake ya kazi.

"Basi niache nirekebishe. Nitapanda altareni, nifute uso ule, niweke wako. Safari hii kwa haki, naapa."

"Nani atakuruhusu? Mji mzima umekusikia kwamba hujui nyuso."

Ilikuwa kweli, na uongo ule ulikuwa umemfunga hata yeye Agata; uso wake usingepanda altareni kamwe. Akachukua kapu lenye brashi za mumewe, akaliweka nje mlangoni.

"Nenda, Kasper."

"Niende wapi na jina hili?"

"Popote. Humu usirudi."

Akaenda. Inasemekana alipata kazi ya kupaka rangi uzio wa nyumba za watu, huko mbali.

Jumapili iliyofuata Agata alikaa benchi la mbele. Akainua kiganja mbele ya macho, akakishusha kidogo kidogo mpaka kikaufunika uso wa yule mwanamke, akabaki mtoto peke yake na mikono inayomshika. Akasali hivyo mpaka mkono ukafa ganzi, kisha akabadilisha mkono.