Nani Aliivunja Baiskeli Nyekundu?

Baiskeli nyekundu ilikutwa asubuhi mtaroni, chini ya mteremko, fremu imekatika nyuma ya kiti. Maboksi ya dawa yametapakaa matopeni, na kando yake amelala tarishi wa bohari ya dawa, mguu umegeukia upande usio wake. Hata safari ya kwanza hakuimaliza.

Kufika saa tatu, Meneja alikuwa keshapata mkosaji.

"Fundi ndiye aliyefunga keria. Fundi ndiye aliyekuwa haitaki hii baiskeli tangu mwanzo. Kaihujumu! Mfungie stoo, Sajini, polisi wanakuja mchana."

Sajini alikuwa mlinzi wa getini. Jina lilimganda tangu enzi zake za upolisi. Mkubwa akisema, mdogo anazungusha ufunguo, ndiyo dunia ilivyopangwa. Akamfungia Fundi, ndugu wa marehemu mkewe.

"Shemeji, unanifungia mimi?" Fundi aliuliza dirishani. "Dada angekuwa hai, leo ungeingia nyumbani na uso gani?"

Sajini aliondoka kichwa chini, akaenda mtaroni.

Alipiga magoti akaikagua fremu. Hapakuwa na alama ya msumeno, wala nati iliyolegea. Bomba lilikuwa jembamba. Lilijikunja kama kopo, kisha likapasuka. Mzigo ndio ulioliua. Maboksi machache yalikuwa bado yamefungwa kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu, ncha imezungushwa mara mbili na kuchomekwa chini. Ndivyo tarishi alivyofunga mizigo yake yote.

Lakini mbona baiskeli hii ilishinda jaribio? Bohari ilitaka baiskeli ya bei nafuu, ngumu, ya kupeleka dawa vijiji vya mbali, safari ya siku tatu na mzigo nyuma. Wiki iliyopita tarishi alipanda mlima na baiskeli mbili kwa zamu, nyeusi ya chuma na hii nyekundu ya gia, kila moja na magunia mawili ya mchanga. Nyeusi ilimtoa jasho. Nyekundu ilirudi inacheza.

Sajini akamfuata muuzaji wa baiskeli dukani.

"Uliwauzia takataka!"

"Taratibu, mzee. Nilimwambia bosi wenu hii ni ya kutembelea mjini. Akanijibu, jaribio limeshaamua."

Akarudi dirishani kwa Fundi.

"Magunia ya jaribio yako wapi?"

"Umenifungia nayo. Nimekalia moja."

"Uliyajaza wewe?"

"Yote manne, mchanga mtupu, nikayafunga kwa waya. Kesho yake, siku ya jaribio, tarishi akapakia na kupakua mwenyewe. Alikataa kusaidiwa."

"Inuka, nione hilo ulilokalia."

Fundi aliinuka, akalishika, akashtuka. "Ndiyo maana nilikuwa nimekaa raha hivi!"

Mdomo wa gunia ulikuwa umefungwa kwa tyubu, ncha imechomekwa chini.

Saa sita kasoro Sajini alikuwa zahanati, gunia begani, Fundi nyuma yake. Tarishi alikuwa kitandani, mguu ndani ya plasta. Meneja alikaa pembeni na simu mkononi.

"Nani kakuruhusu kumfungulia huyu?"

"Nitajibu, mkubwa. Kwanza niinulie hili gunia la mchanga."

Meneja alijikaza, akavuta kwa nguvu zote. Gunia likaruka, nusura limwangushe chali. Likapasuka ubavuni, maranda ya mbao yakamwagika sakafuni.

Tarishi alifumba macho.

"Fundo la nani hili, mwanangu?" Sajini aliuliza polepole.

Tarishi alivuta shuka hadi kidevuni.

"Shemeji yangu anapelekwa ndani mchana huu. Fundo la nani?"

"Langu." Sauti haikuvuka shuka. "Magunia ya nyekundu nilibadilisha mimi. Ile nyeusi, Sajini… kila kituo wangeniita babu chuma. Wakwe zangu watarajiwa wanakaa kwenye njia ile. Niwapitie na lile likorokoro? Nikadhani ikishanunuliwa, mzigo halisi nitazoea tu."

"Na mimi ningeozea ndani?" Fundi aliuliza.

"Nilikuwa natafuta mdomo wa kusema."

Fundi aligeukia dirishani. Ni Sajini aliyeona anavyofuta macho kwa kiwiko, na aibu ya asubuhi ikamrudia upya.

"Hayo ni yenu," Meneja alisema akisimama. "Nitawaambia polisi ilikuwa ajali."

"Siku ya jaribio ulikaa wapi, mkubwa?"

"Kivulini. Nilikuwa nasimamia."

"Uliinua hata gunia moja?"

"Kuinua magunia si kazi yangu!"

"Muuzaji alikuonya, ukamtupia jaribio usilolishika hata kwa kidole. Likiharibika, unatafuta mwenye mikono michafu umfungie."

Simu ikaita mkononi mwa Meneja. Ni polisi.

"Nipe niseme mimi," tarishi alisema, mkono umenyooshwa. Akajifunika shuka hadi kwenye paji, akasema humo ndani, na chumba kizima kikasikia: "Afande, Fundi hana kosa. Maranda niliweka mimi… Kwa nini? Nilitaka kupendeza, afande."

Mkono ukatoka na simu. Meneja hakuipokea. Sajini aliichukua, akamwekea kiganjani.

"Zamu yako, mkubwa. Afande anasubiri."