Kufuli Ndani ya Soksi

Muuzaji alilileta kufuli ndani ya soksi ya mtoto. Aliishika soksi kwa ncha za vidole, akaitikisa juu ya meza mpaka kufuli likadondoka, kisha akaificha mikono yake mapajani.

Fundi hakujali. Wauza vitu vya kale huwa na vituko vyao. Yeye alikuwa fundi wa vitasa na funguo kwa miaka ishirini, na ukutani, juu ya meza yake ya kazi, yalining'inia makufuli arobaini na moja aliyoyanunua kwa watu asiowajua. Alikuwa na masharti yake. Hakulipia kitu ambacho hajakishika. Hakumwelekeza muuzaji nyumbani kwake. Alikutana naye mchana, penye watu, na kamwe hakwenda peke yake.

Siku hiyo walikuwa mgahawani, saa sita, na shahidi wake alikuwa yuleyule wa siku zote: Pacha. Hawakuzaliwa tumbo moja. Walijifunza kazi kwa bwana mmoja, kwenye benchi moja, wakigombania tupa moja ya kusugulia funguo, na jina likawaganda.

"Umewahi kuona kama hili?" Fundi alimwuliza.

"Tangu nizaliwe, sijaona," Pacha alisema. "Shaba tupu. Ukiliacha, usije ukanililia."

Kufuli lilikuwa pana kama kiganja. Lilikuwa limefungwa na halikuwa na ufunguo. Muuzaji alisema ni la marehemu babu yake. Fundi alilipima mkononi, akalisogeza sikioni, akalitikisa. Lilikuwa kufuli halisi.

"Nina sharti moja," muuzaji alisema. Hakumtazama Fundi; alimtazama Pacha. "Useme kwa kinywa chako kwamba umelipokea."

Fundi akacheka. "Haya, bwana. Nimelipokea, na kutu yake."

Pacha alishusha pumzi. Muuzaji aliondoka bila kumaliza chai, na soksi akaiacha mezani.

Jioni hiyo mke wa Fundi aligonga mlango wa bafu. "Redio, toka, wenzio nao waoge!"

Redio alikuwa binti yao wa pekee, wa miaka tisa. Walimwita hivyo kwa sababu akishaanza kusema hakuna wa kumzima.

"Mama, mbona niko hapa?" alijibu kutoka nyuma yake. "Au una mtoto mwingine hujatuambia?"

Bafuni hakukuwa na mtu. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Fundi alilifungua kwa bisibisi, akalilaumu komeo.

Siku ya pili ikaja harufu, ya chuma kilicholowa. Ilikuwa kwenye mito, ikawa kwenye maji ya kunywa. Siku ya tatu ukaanza mlio. Fundi aliujua kama anavyoijua hatua ya mkewe: ulimi wa kitasa unaoingia mahali pake. Ulitoka chumbani, ukatoka stoo, ukatoka sebuleni, kila mara karibu zaidi na mahali walipokaa, na alfajiri ya siku ya nne ulitoka kwenye mlango wa jikoni, na mlango wa jikoni haukuwa na kitasa wala ubao, ulikuwa na pazia.

"Umesikia?" mkewe alinong'ona.

"Panya."

"Panya wako wanafunga milango?"

Saa moja asubuhi Redio alikuwa mezani, anawasimulia jinsi mwalimu wao alivyokalia chaki. Alikuwa amefika mahali pa kucheka. Mlio ukasikika mara moja, mdogo, mezani hapohapo, na kinywa cha mtoto kikafumba, na macho yakaendelea kucheka kwa muda kabla hayajajua, halafu mikono ikapanda ikaishika midomo na kuivuta, na mama yake akaingiza kidole kwenye kona ya mdomo na kukuta meno yamebanana kama koleo, na Fundi, ambaye katika miaka ishirini hakuwahi kushindwa na kitu kilichofungwa, alijikuta amepiga magoti mbele ya mwanawe, ameshika taya zake kwa mikono miwili, hajui aanzie wapi.

Hospitali walimpiga picha za taya na kichwa. Hawakuona kitu. Walimpitishia mpira puani wa kumlishia, wakasema wasubiri. Siku ya pili wodini Redio aliomba daftari kwa ishara. Aliandika mstari mmoja, akampa baba yake.

*Baba, kuna mtu amekaa juu ya ulimi wangu. Anataka kukaa kabisa.*

Fundi alimpigia muuzaji. Namba haikupatikana. Alimpigia Pacha mara sita. Ya saba Pacha alipokea, akasema pole, yuko mbali kikazi, Mungu ni mkubwa.

Mganga ambaye Fundi alielekezwa kwake alifanyia kazi nyuma ya duka la magodoro. Alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye simu mbili, na alizizima zote mbili alipoliona kufuli.

"Uliambiwa useme umelipokea?"

"Ndiyo."

"Aliyekuuzia aliligusa?"

"Hapana. Alilimwaga kutoka kwenye soksi."

"Basi halikuwa lake, alilibeba tu. Huyu jini humkalia mtoto wa aliyempokea, na hatoki mpaka mwingine ampokee kwa kinywa chake, bila kulazimishwa. Na anayemtoa sharti awepo, asikie kwa masikio yake." Aliinua macho. "Mezani mlikuwa wangapi?"

Fundi alilitazama kufuli.

"Nimekuuliza, kaka. Wangapi?"

"Watatu."

Hakutaka kuamini. Alitoa vifaa vyake mfukoni, akakaa sakafuni, akalifungua kufuli kwa waya mbili. Ilimchukua dakika kumi. Ndani ya tundu, pale ambapo kila fundi duniani hutia mafuta, palikuwa na nta ya mshumaa. Alimjua fundi mmoja tu anayetia nta. Bwana wao alimpiga makofi kwa sababu hiyo mara ngapi, na Pacha hakuacha.

Halafu akakumbuka lingine. Kitinda mimba wa Pacha alikuwa bubu tangu mwanzo wa mwaka, ghafla tu, na madaktari hawakuona kitu. Wiki iliyopita alianza kusema. Pacha alimpigia simu akilia, na Fundi alilia naye.

"Unaweza kumtoa?" alimwuliza mganga.

"Naweza kumtuliza siku mbili. Baada ya hapo atakuwa ameshazoea, na mwanao atabaki hivyo." Alilisukuma kufuli kwa kijiti mpaka likarudi ndani ya soksi, akaitia soksi kwenye mfuko wa plastiki. "Mpeleke unakojua. Alipowahi kukaa hachelewi kuingia. Mimi sitaki kupajua."

Pacha hakuwa mbali kikazi. Alikuwa sebuleni kwake, saa tisa mchana, amevaa fulana. Kutoka chumba cha ndani ilisikika sauti ya mtoto ikisoma kitabu cha shule, neno kwa neno. Pacha alipoona mfuko mkononi mwa Fundi hakusimama.

"Nani mwingine alijua?" Fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Hakuna. Mke wangu hajui. Yule muuzaji nilimkodi stendi, nikampa nauli."

"Nilikuchukua uwe shahidi wangu."

"Najua."

"Uliniambia tangu uzaliwe hujaliona."

"Najua nilichokuambia!" Pacha alitazama mlango wa ndani, akashusha sauti. "Niliweka tangazo miezi miwili. Walikuja watu, wakaona soksi, wakaondoka. Nani ananunua kufuli lililofungwa, halina ufunguo? Wewe tu. Namjua mtu mmoja tu duniani ambaye hawezi kuliacha."

"Ungeniambia, tungetafuta njia."

"Miezi sita, pacha wangu. Miezi sita sijamsikia akiniita baba. Wewe ungefanyaje?"

Fundi aliweka mfuko mezani. "Mwanangu ana mpira puani. Sema umelipokea."

Pacha alifumba mdomo. Alitikisa kichwa. Kisha akainua mkono na kuiziba midomo yake kwa kiganja, kama mtoto anayekataa dawa, na machozi yakapita juu ya vidole. Walikuwa wamekula sahani moja miaka ishirini na mitano.

"Ninyi nao! Mmenuna kama mmefiwa," alisema mke wa Pacha. Alikuwa ameingia na sinia la chai, anafuta mkono kwenye nguo. "Shemeji, karibu. Mgonjwa wetu anaendeleaje? Tulisema kesho tuje."

"Yuko vilevile, shemeji."

"Atapona. Wa kwetu si huyo, humu ndani hatulali kwa kelele zake." Akauona mfuko. Akacheka. "Na wewe kwa kutojua kuja mikono mitupu! Una mgonjwa, bado unatukumbuka?"

Aliunyanyua mfuko kwa mikono miwili, kama anavyofanya mtu aliyelelewa.

Fundi aliona kinachokuja. Kulikuwa na nafasi ya kusema *hapana, shemeji, hicho si chenu.* Maneno yalikuwepo, mafupi, na kinywa chake kilikuwa wazi. Pacha alikuwa anainuka, kiti kinaanguka nyuma yake.

"Nimepokea, shemeji," mke wa Pacha alisema. "Ahsante sana."

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Fundi. Aliitoa. Ilikuwa namba ya mkewe, lakini sauti haikuwa yake.

"Baba?" sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Baba, nina njaa. Na huu mpira unanuka. Na nesi hapa anakoroma."

Sebuleni Pacha alikuwa amekaa sakafuni. Chumba cha ndani kilikuwa kimya.

"Mbona umeacha kusoma?" mke wa Pacha aliita, mfuko ukiwa bado mikononi. "Njoo umwamkie baba mkubwa, amekuletea zawadi. We mtoto! Si nakuita?"

Fundi hakutazama mlango ule. Aliipa nyumba mgongo, akaibana simu sikioni.

"Nakuja, mwanangu," alisema. "Endelea kusema. Usinyamaze hata kidogo."